Bei za zamani na za leo: upime kwa noti, kwa fahirisi au kwa saa za kazi?

Risiti ya miaka 40 iliyopita ikitolewa kwenye droo, waliopo hutoa hukumu papo hapo. Mmoja anasema maisha ya wakati ule yalikuwa mteremko. Wa pili anauliza mshahara ulikuwa kiasi gani. Wa tatu analeta habari za dola. Karatasi ni moja, lakini kila mmoja anapima kwa kipimo chake, na mabishano yanaweza kuendelea hadi jioni bila yeyote kusema uongo.

Vipimo vinavyotumika sana ni vinne: bei kama ilivyoandikwa, bei iliyosahihishwa kwa mfumuko wa bei, saa za kazi zinazohitajika kukinunua kitu, na sehemu ya kipato inayomezwa na kitu hicho. Msimamo wangu nautoa mapema ili usinitafute kwenye mistari ya mwisho. Kwa bidhaa za kila siku, saa za kazi ndizo zinazosema ukweli ulio karibu zaidi na maisha ya mtu. Fahirisi ya mfumuko, yaani tarakimu inayoonyesha bei kwa jumla zimepanda kiasi gani, ina kazi yake, nayo ni kubwa, ila si ile ambayo wengi huitumia. Bei tupu ya kwenye risiti, peke yake, ni ya kufurahishia mazungumzo tu.

Sabuni moja, majibu manne

Tuchukue kipande cha sabuni. Tarakimu hizi nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, na sarafu yake haina nchi. Zamani kipande kiliuzwa kwa 4, leo kinauzwa kwa 1,200. Mfanyakazi aliyekuwa akilipwa 800 kwa mwezi, leo mwenzake wa kazi ile ile analipwa 280,000. Nyakati zote mbili anafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, yaani saa 200. Fahirisi ya bei imetoka 2 hadi 500, maana yake bei kwa jumla zimepanda mara 250.

| Kipimo | Zamani | Leo | Jibu |
|---|---|---|---|
| Bei ya kwenye risiti | 4 | 1,200 | imepanda mara 300 |
| Bei iliyosahihishwa kwa fahirisi | 1,000 | 1,200 | imepanda asilimia 20 |
| Muda wa kazi | dakika 60 | dakika 51 | imeshuka |
| Muda wa kazi, uzito ule ule | dakika 60 | dakika 64 | imepanda kidogo |

Mstari wa pili unapatikana kwa kuzidisha 4 kwa 250. Hiyo ndiyo bei ambayo sabuni ingekuwa nayo leo kama ingepanda sawasawa na vitu vingine. Ipo juu ya hapo kwa 200, basi sabuni imekimbia kuliko wenzake. Mstari wa tatu: 800 ukigawanya kwa saa 200 ni 4 kwa saa, kwa hiyo sabuni ilikuwa saa nzima ya jasho. Leo saa moja inalipwa 1,400, na 1,200 inapatikana kabla saa haijaisha. Hapo mishahara ndiyo iliyokimbia zaidi ya sabuni.

Mstari wa nne ndio wenye utundu. Kipande cha zamani kilikuwa gramu 500, cha leo ni gramu 400, umbo lile lile na karatasi inang'aa zaidi. Ukirudisha gramu zilizopotea, bei ya leo ni 1,500 na muda ni dakika 64. Jibu limegeuka kwa sababu ya gramu 100 ambazo hakuna aliyeziangalia. Watengenezaji wanajua kwamba jicho la mnunuzi huganda kwenye bei, kwa hiyo hupunguza ujazo kabla ya kugusa bei. Kabla hujachagua kipimo chochote, basi, geuza kila kitu kiwe kwa kilo, kwa lita, kwa mita au kwa idadi ya karatasi. Anayelinganisha "pakiti" na "pakiti" bado hajaanza kulinganisha.

Bei ya kwenye risiti

Kipimo hiki kina sifa moja: hakihitaji hesabu. Kwa kipindi kifupi, cha miezi michache pale mfumuko ulipo mdogo, kinatosha. Kikivuka miongo kinaanza kudanganya, na hudanganya hata pale bei inapokaa palepale. Marekani, glasi ya Coca-Cola, na baadaye chupa, iliuzwa senti 5 tangu 1886 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukisoma hivyo tu utasema haikubadilika. Lakini kati ya 1913 na 1959 pekee, bei za walaji nchini humo zilipanda karibu mara 3. Senti 5 za mwisho zilikuwa na thamani ya kama theluthi moja ya zile za 1913, kwa hiyo soda ile ilikuwa ikishuka bei miaka yote hiyo huku tangazo likiwa lile lile.

Kuna pia jambo la sarafu zenyewe kubadilishwa. Uturuki ilifuta sufuri sita kwenye noti zake mwaka 2005, Ghana ikafuta nne mwaka 2007, Zambia tatu mwaka 2013. Uingereza haikufuta sufuri, ila hadi Februari 1971 pauni yake ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi peni 12. Mtu akikuta bei ya "2/6" kwenye tangazo la gazeti la zamani na kuisoma kama mbili nukta sita, amepotea kabla ya safari: hizo ni shilingi 2 na peni 6, sehemu ya nane ya pauni.

Kisha kuna bei ambayo fedha peke yake haikutosha kuilipa. Vyakula na nguo vilipogawiwa kwa kuponi Uingereza, mgao ulioanza 1940 na kumalizika 1954, bei ya dukani ilikuwa ndogo kweli, ila bila kuponi fedha yako ilikuwa karatasi tu. Ndivyo ilivyo kila mahali penye bei elekezi na rafu tupu. Bei ya serikali ilikuwa moja, bei ya ulanguzi nyingine, na gharama ya tatu ilikuwa foleni. Wanaokumbuka kwamba sukari "ilikuwa rahisi" mara nyingi wanakumbuka bei ya kitu ambacho hakikuwapo. Orodha ya bei ya kipindi cha uhaba iulizwe kwanza: kwa bei hiyo, ulikipata?

Fahirisi: nzuri kwa fedha, butu kwa kitu kimoja

Swali la kuhamisha thamani ya fedha kutoka zama moja hadi nyingine ni la kale. Mwaka 1707 kasisi wa Kiingereza, William Fleetwood, alichapisha jibu kwa mwanachuo aliyekuwa amebanwa na kanuni ya chuo chake. Kanuni hiyo, iliyotungwa zaidi ya karne mbili nyuma, ilimkataza mwanachuo kuwa na pato la zaidi ya pauni 5 kwa mwaka. Fleetwood hakuishia kwenye neno "pauni". Alikusanya bei za nafaka, nyama, vinywaji na nguo za miaka mingi, akauliza pauni 5 za wakati wa kanuni zilinunua kiasi gani cha kila kitu, na kiasi hicho kingegharimu pauni ngapi wakati wake. Ofisi za takwimu za leo zinafanya hivyo hivyo kwa mitambo mikubwa zaidi: zinatengeneza kapu la bidhaa na huduma, zinaipa kila bidhaa uzito kulingana na matumizi ya kaya, na zinafuatilia bei ya kapu zima.

Namna ya kuitumia ni rahisi. Chukua fahirisi ya mwaka wa leo, igawe kwa ya mwaka wa zamani, kisha zidisha bei ya zamani kwa jibu. Penye kukosewa sana ni mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao fahirisi yake inaitwa 100. Ofisi hubadilisha kizio kila baada ya miaka kadhaa, na mfululizo mpya huanza tena kwenye 100. Ikiwa mfululizo wa zamani uliishia 240 katika mwaka ambao mfululizo mpya unauita 100, huwezi kugawanya tarakimu ya mmoja kwa ya mwingine. Tarakimu zote mpya zizidishwe kwanza kwa 2.4, ndipo zikae kwenye mstari mmoja na za zamani. Nimeona makala zenye hitimisho kali kabisa lililojengwa juu ya kosa hili moja.

Sasa udhaifu wake. Kapu ni la nani, na la lini? Mwanauchumi Mjerumani Étienne Laspeyres alipendekeza mwaka 1871 kapu la zamani lipimwe kwa bei mpya. Mwenzake Hermann Paasche, mwaka 1874, akataka kapu la leo lirudishwe nyuma. Njia ya kwanza huelekea kukuza mfumuko, kwa kuwa watu huacha kilichopanda na kuhamia cha nafuu, ilhali kapu la zamani linawalazimisha waendelee kukinunua. Ya pili huelekea kuupunguza. Si ubishi wa vitabuni tu. Mwaka 1996 tume iliyoongozwa na mwanauchumi Michael Boskin ilikadiria kwamba fahirisi ya Marekani ilikuwa ikiuzidisha mfumuko kwa pointi 1.1 za asilimia kila mwaka. Kakosa kadogo kwa mwaka mmoja, ila kakijikusanya miaka 30 kanakuwa karibu asilimia 39. Wataalamu walibishana sana juu ya kiasi hicho, na mbinu za kukokotoa zikabadilishwa baadaye.

Zaidi ya hayo, kapu ni la kaya ya wastani, na kaya ya wastani haina mlango wa kubisha hodi. Mstaafu anayenunua dawa, kijana anayelipa pango na mwenye watoto watano shuleni wanaishi kwenye mifumuko mitatu tofauti ndani ya mji mmoja. Kwa hiyo fahirisi ni ya kuhamishia fedha: deni, mafao, mahari iliyoandikwa kwa tarakimu, mkataba wa pango wa muda mrefu, fidia. Unapouliza kama sabuni, viatu au taa vimekuwa nafuu, inakupa jibu la jumla kwa swali mahususi.

Wapo wanaoukimbia ugumu huu kwa kugeuza kila bei kuwa dola. Haisaidii. Dola nayo inaliwa: kitu cha dola 1 mwaka 1980 kilihitaji zaidi ya dola 3 mwaka 2020 kwa kufuata fahirisi ya Marekani yenyewe. Wengine hugeuza kwa dhahabu, wakiamini haiyumbi. Dhahabu iligusa dola 850 kwa aunsi Januari 1980, na mwaka 2001 ilikuwa chini ya dola 300. Anayepima kwa dhahabu atakwambia kila kitu duniani kilipanda mara kadhaa katika miaka hiyo, kumbe aliyeshuka ni dhahabu yake.

Saa za kazi

Hapa unaacha kuuliza kitu ni fedha ngapi, unauliza ni muda gani wa maisha yako. Mfumuko, sufuri zilizofutwa, sarafu iliyobadilishwa jina, vyote vinafutika vyenyewe, maana bei na mshahara viko kwenye sarafu moja ya wakati mmoja. Hiyo ndiyo sababu ninakipenda.

Mfano bora ninaoujua ni wa mwanga. Katika miaka ya 1990 mwanauchumi William Nordhaus, aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 2018, hakupima bei ya mshumaa, ya mafuta ya taa wala ya balbu. Alipima bei ya mwanga wenyewe, kisha akaigeuza kuwa saa za kazi. Kiasi cha mwanga kinachotolewa na balbu ya kawaida ya wati 60 kwa muda wa saa moja na robo kilimgharimu mfanyakazi wa mwaka 1800 zaidi ya saa 5 za kazi. Kufikia 1992 kilikuwa chini ya sekunde 1. Hakuna fahirisi iliyolinasa badiliko hilo, kwa sababu fahirisi hufuatilia bei ya vitu, na mshumaa na balbu ni vitu viwili. Funzo la kutumia nyumbani: uliza kitu kinafanya nini, halafu linganisha kazi hiyo. Usilinganishe barua na simu kwa bei ya stempu na bei ya simu, linganisha gharama ya kumpa ndugu habari ikamfikia.

Kipimo hiki pia kinaeleza jambo linalowachanganya watu: mbona redio na saa za mkononi zimekuwa za kutupa, lakini kunyoa, kushona na ada za shule zinapanda bila breki? Wanauchumi William Baumol na William Bowen walilieleza mwaka 1966 kwa mfano wa wanamuziki wanne. Kipande walichokipiga karne mbili zilizopita kwa nusu saa kinahitaji nusu saa na watu wanne mpaka leo. Kiwandani, mtu mmoja na mashine anatoa mara mia ya babu yake, na mshahara wake unapanda. Kinyozi hawezi kunyoa vichwa mia kwa saa, lakini naye asipolipwa vizuri ataacha mkasi aende kiwandani. Bei yake hupanda bila yeye kuongeza kasi. Kwa hiyo ukilinganisha, tenga bidhaa na huduma. Ukizichanganya, moja itaficha mwendo wa nyingine.

Ugumu wake ni kuchagua mshahara. Wa nani? Marekani ilianza na kima cha chini cha senti 25 kwa saa mwaka 1938. Tangu Julai 2009 kima cha shirikisho ni dola 7.25, na kilikaa hapo miaka mingi wakati mishahara mingine ikisogea. Ukipima kwa kima hicho, kila kilichopanda bei tangu 2009 kimepanda pia kwa saa za kazi. Ukipima kwa mshahara wa wastani, baadhi ya vitu hivyo vimeshuka. Wastani nao una ujanja wake: wachache wenye mishahara minono wanaupandisha bila kibarua kupata kitu. Ushauri wangu ni uchague kazi moja iliyokuwapo nyakati zote mbili na haijabadilika sana, mwalimu anayeanza kazi au kibarua wa ujenzi, utumie kinachobaki baada ya makato, na uishikilie hiyo hiyo mpaka mwisho. Ukihama katikati, jibu lolote unalolitaka utalipata.

Na asiye na mshahara? Mkulima hupima kwa zao lake, na hupima vizuri. Gunia ngapi kwa baiskeli moja, kilo ngapi kwa daftari dazeni: hicho ni kipimo cha tano, na ni ndugu wa saa za kazi. Kwa kiwango cha mataifa, wanauchumi Raúl Prebisch na Hans Singer waliandika mwaka 1950, kila mmoja kivyake, kwamba bei za malighafi huelekea kushuka kwa muda mrefu zikilinganishwa na za bidhaa za viwandani. Mkulima anayesema gunia halinunui tena kilichokuwa kikinunuliwa na gunia ana hoja inayoweza kukaguliwa kwa tarakimu. Asibezwe kama mtu wa kulilia zamani.

Sehemu ya kipato

Mtakwimu Ernst Engel alionyesha mwaka 1857, akitumia bajeti za familia za wafanyakazi, kwamba kadiri kaya ilivyo maskini ndivyo chakula kinavyokula sehemu kubwa ya matumizi yake. Bado ni kweli: zipo nchi ambazo chakula huchukua karibu nusu ya matumizi, na Marekani ni kama sehemu moja ya kumi. Kipimo hiki kinafaa unapotaka kujua nyumba inapumua au imekabwa. Hakifai kwa bidhaa moja, kwa sababu sehemu inaweza kushuka si kwa unafuu, bali kwa kuwa pango na nauli vimeingia na kuwasukuma wengine pembeni. Halafu kuna matumizi ambayo zamani hayakuwapo kabisa. Simu ya kwanza ya mkononi kuuzwa madukani, ya Motorola, iliuzwa dola 3,995 mwaka 1983, na miaka kumi kabla ya hapo hakuna bei ungeweza kuitaja.

Ubora, na viatu vya babu

Hoja ya "vya zamani vilikuwa imara" inastahili hesabu yake: gawa bei kwa miaka ya matumizi. Kiatu cha saa 30 za kazi kilichobadilishwa soli na kuvaliwa miaka 10 ni saa 3 kwa mwaka, ukiacha gharama ya fundi. Cha saa 8 kinachokufa baada ya miaka miwili ni saa 4. Cha zamani kinashinda. Ila tahadhari: vitu vya zamani tunavyoviona leo ni vile vilivyobaki. Vilivyovunjika mwaka wa kwanza vilitupwa, navyo havina wa kuvitolea ushahidi. Na kipo kilichoboreka kweli bila kelele, hasa rangi za kitambaa zisizochuja na matairi yasiyopasuka ovyo.

Basi uchague kipi?

Unagombania mafao, deni la miaka mingi au pango: fahirisi, na uandike kwenye mkataba ni fahirisi ipi na ya ofisi ipi. Unataka kumjibu mzee anayesema vitu vimepanda: saa za kazi, kwa uzito ule ule, kwa mshahara wa kazi moja. Unataka kujua kama kaya inazidiwa: sehemu ya kipato. Unaishi kwa mavuno: gunia.

Nyumba na kiwanja vinakaa nje ya yote haya. Ardhi haitengenezwi kiwandani, na wanaonunua kwa mkopo hawalipi bei, wanalipa bei na riba. Uingereza, Novemba 1979, riba ya benki kuu ilifika asilimia 17. Nyumba ya wakati ule ilionekana ya bei ndogo kwa miaka ya mshahara, ilhali malipo ya kila mwezi yalikuwa makali kuliko bei ilivyoonyesha. Kwa nyumba, basi, andika tarakimu mbili kando kwa kando: miaka mingapi ya mshahara ilihitajika kuinunua taslimu, na siku ngapi za kila mwezi zilikwenda kwenye rejesho la mkopo.